Kuwaona vipepeo wa Gede ukiwa Mombasa kikazi: mwongozo kamili wa asubuhi moja

Watu wengi wanaokuja Mombasa kwa semina na mikutano hujipangia safari ya Gede kutazama nyumba ya vipepeo, kisha hurudi wakilalamika kwamba hawakuona kitu ila wavu na majani. Ukiwauliza walivyofanya, maelezo yanafanana. Walitoka kikaoni baada ya chakula cha mchana, wakafika saa kumi alasiri wakinukia manukato, wakazunguka mle ndani dakika kumi, wakaondoka.

Vipepeo walikuwemo muda wote huo. Walikuwa wamejibanza chini ya majani, mabawa wameyafumba, kwa sababu siku yao ilikuwa imekwisha.

Mwongozo huu unaanzia hapo. Panga kwanza saa ya kipepeo, halafu ndiyo uitafutie nafasi ratiba yako ya kazi. Ukifanya kinyume chake utapoteza nauli na asubuhi nzima.

## Mahali penyewe

Nyumba ya vipepeo ninayoizungumzia ni ya mradi wa Kipepeo, uliopo ndani ya eneo la magofu ya Gede, kaunti ya Kilifi. Kutoka kisiwani Mombasa ni kama kilomita mia moja kuelekea kaskazini kwa barabara ya Malindi. Mradi ulianza mwaka 1993. Wakulima wa vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi nyumbani, na pupa wanazopata (yaani kiwavi akiwa ndani ya ganda kabla ya kutoka kipepeo) huuzwa kwa maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Mengine utaelezwa na wenyeji ukifika, nao huyaeleza vizuri kuliko mimi.

## Vitu vya kuandaa usiku uliotangulia

- Kitambulisho cha taifa au pasipoti. Kiingilio cha magofu hutofautiana kati ya raia na mgeni, na bila kitambulisho hutaweza kudai bei ya raia.
- Simu yenye chaji, pesa kwenye M-Pesa, na noti ndogondogo za boda na za vitu vya njiani. Kiingilio cha magofu na cha nyumba ya vipepeo ni viwili tofauti, kwa hiyo tenga pesa za vyote viwili.
- Shati au blauzi nyepesi ya kuvaa kule, na nyingine ya kubadilisha. Ndani ya wavu kuna joto na unyevu, utatoka jasho.
- Viatu vya kufunika vidole.
- Maji ya kunywa, na kitambaa laini cha kufutia lenzi ya simu.
- Mfuko wenye zipu wa kuwekea vitafunio. Gede kuna kima na tumbili wanaojua vizuri mkate unakaa wapi.
- Dawa ya mbu, lakini ibaki mkobani. Sababu yake iko katika hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Chagua siku, kisha saa

Saa ndiyo muhimu zaidi. Kipepeo hana joto lake mwenyewe la mwili. Hulisubiri jua limpashe misuli ya kifuani, na kabla ya hapo hawezi kuruka sawasawa. Asubuhi utamwona ametandaza mabawa juu ya jani linalopigwa na jua, ametulia kabisa. Akishapata joto la kutosha ndipo huanza kutafuta maua, mwenzi na mahali pa kutagia. Jua la adhuhuri likizidi hujificha kivulini, na alasiri jua likilegea huanza kutafuta pa kulala.

Kwa pwani yetu, muda mzuri ni saa tatu hadi saa tano asubuhi. Lengo lako liwe kuvuka mlango wa wavu saa tatu. Hesabu nyingine zote zirudi nyuma kutoka hapo.

Sasa siku. Kwa hesabu hiyo, siku yenye kikao asubuhi haifai hata kidogo, na siku yenye kikao saa nane mchana ni ya kubahatisha, kwa sababu foleni ya Mtwapa hujui itakuamulia nini. Siku ninayoipendekeza ni ile inayofuata kufungwa kwa semina. Lala usiku mmoja zaidi, kisha uchague njia ya kurudi nyumbani: ama urejee Mombasa upande treni ya usiku pale Miritini, ama ubebe mizigo yako kabisa na uondokee Malindi. Malindi ina uwanja wa ndege na mabasi ya Nairobi, nayo iko kilomita kama kumi na tano tu kutoka Gede. Wageni wengi hawalifikirii hili, wakati linakupunguzia saa mbili za barabara. Kama tiketi imekatwa na ofisi, omba ibadilishwe mapema, kabla hujaondoka kituoni kwako.

Ukiwa na gari la ofisi, hakikisha kibali cha safari kinataja Gede au Malindi. Dereva asiingizwe matatani kwa ajili ya vipepeo.

Kuhusu miezi, vipepeo wa porini huongezeka mvua zinapochipusha majani mapya ambayo viwavi hula. Masika yakishapungua, kuanzia Juni hivi, na vuli ikishaanza, Novemba na Desemba, huwa ni wakati mzuri. Kiangazi cha kaskazi, Januari na Februari, majani huwa makavu na vipepeo hupungua. Nenda tu, lakini usitarajie wingi uleule.

Utajua umefaulu: una siku ambayo hakuna mtu anayekusubiri mezani kabla ya jioni.

## Hatua ya 2: Piga simu siku moja kabla

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, ingawa haichukui hata dakika tano. Kipepeo mzima huishi wiki mbili hadi nne hivi, wengine zaidi kidogo. Kwa hiyo nyumba ya vipepeo hujazwa upya mara kwa mara, na kuna wiki inapochangamka na wiki inapopooza.

Salimia vizuri, usikimbilie swali: "Habari za asubuhi, ndugu. Mimi ni mgeni, niko Mombasa kikazi, ningependa kuja kesho kuwaangalia vipepeo. Hamjambo huko? Wiki hii wametoka wapya?" Kisha uliza mambo mawili zaidi. Kuna kundi la wanafunzi kesho asubuhi? Na kuna pupa zinazotarajiwa kupasuka?

Kundi la shule si baya, watoto wana haki ya kufurahi, ila ukiambiwa wanakuja saa tatu, jitahidi uwe umeingia nusu saa kabla yao kama mlango utakuwa wazi. Uliza na hilo papo hapo.

## Hatua ya 3: Oga, lakini usijipulizie

Asubuhi ya safari oga kwa sabuni na maji tu. Acha manukato, acha udi, acha losheni yenye harufu kali. Vipepeo hutegemea mno harufu: kwa vipapasio vyao vya kichwani hunusa chakula na wenzao, na kwa miguu huonja jani kabla ya kutaga. Harufu kali inawavuruga.

Dawa ya mbu ni hatari zaidi, kwa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya wadudu na kipepeo ni mdudu. Akitua kwenye mkono uliopakwa dawa anaweza kudhurika. Vaa mikono mirefu kama mbu wanakusumbua, kisha ujipake baada ya kutoka, kabla ya kwenda kutembea kwenye magofu.

Nguo za rangi ya maua, njano, nyekundu au waridi, hupendeza kwa kazi hii. Kipepeo huweza kukujia kuchunguza. Jasho lako pia lina chumvi, na baadhi yao huifuata.

## Hatua ya 4: Safari

Toka Mombasa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ukivuka daraja la Nyali kabla hakujapambazuka, utaipita Mtwapa kabla haijafunga. Ukichelewa hadi saa moja, malori, tuktuk na wanaokwenda kazini watakumaliza muda. Kwa gari binafsi barabara ikiwa wazi ni kama saa mbili. Kwa matatu ya Malindi tenga saa mbili na nusu hadi tatu, kwani itasimama kupakia na kushusha, na huko stendi huondoka ikijaa. Ukipanda matatu basi fika stendi saa kumi na moja kamili.

Kilifi, ukishavuka daraja, simama upate mahamri na mbaazi na chai ya moto. Kula hapo, kwa sababu chakula hakiingizwi ndani ya wavu, na tumbo tupu litakutoa mapema kabla hujaona lolote. Korosho za kuuzwa kando ya barabara nunua wakati wa kurudi.

Mwambie kondakta akushushe njia panda ya Gede, pale barabara ya Watamu inapoingia kulia. Kutoka hapo boda au tuktuk itakufikisha magofuni kwa dakika chache. Patana bei kabla ya kupanda.

Onyo kwa wenye gari la kiyoyozi: zima kiyoyozi na ufungue madirisha dakika kumi na tano kabla ya kufika. Simu iliyokaa kwenye baridi, ukiitoa penye joto lenye unyevu, lenzi hufunga ukungu. Picha zako za kwanza zote zitakuwa za moshi, na kila ukifuta ukungu unarudi.

## Hatua ya 5: Kuvuka mlango

Fungua mlango kidogo, ingia upesi, ufunge nyuma yako. Msiingie wawili wawili mkizungumza huku mlango uko wazi. Kipepeo aliyetoroka ni hasara ya mtu aliyemlea kiwavi huyo kwa majani wiki kadhaa.

Ukishaingia, tazama chini kabla ya kupiga hatua. Vipepeo hupumzika njiani, hasa kwenye udongo wenye maji maji ambako hufyonza chumvi. Hapo ndipo wageni wenye macho juu huwakanyaga.

## Hatua ya 6: Simama

Hatua hii ni fupi kuisoma na ngumu kuitenda. Tafuta mahali penye jua na maua, usimame dakika kumi bila kwenda popote. Simu ibaki mfukoni.

Jicho la kipepeo ni hodari kuona kinachosogea. Ukiingia kwa kishindo na kuonyesha kidole huku na kule, huruka na kuganda juu kwenye wavu. Ukitulia, dakika tatu nne hivi huanza kushuka. Kwanza mmoja, halafu wale waliokuwa wamekaa mbele ya macho yako muda wote bila wewe kuwatambua huanza kufungua mabawa.

Utajua umefaulu: kuna kipepeo anayekula mita moja kutoka ulipo, naye hajali kwamba upo.

## Hatua ya 7: Tazama kwa mpangilio

Hapa usiwe na haraka. Ziko sehemu nne, na kila moja ina wake.

Maua. Hapa utawakuta wanaokunywa nekta kwa mrija wao mrefu ambao hukunjwa ukikosa kazi. Mtafute *Papilio demodocus*, mkubwa, mweusi mwenye madoa ya njano, asiye na mikia. Mtafute pia dume la *Papilio dardanus*, rangi ya maziwa yaliyoiva, mwenye kingo nyeusi na mkia kwenye kila bawa la nyuma. Jike lake ni kioja: halifanani naye hata kidogo. Halina mkia, na rangi zake huiga vipepeo wengine wenye ladha mbaya ambao ndege wameshajifunza kuwaepuka. Mwombe mwenyeji akuonyeshe jike kama lipo. Wewe peke yako utadhani ni aina nyingine.

Yupo pia *Danaus chrysippus*, wa rangi ya chungwa, mwenye ncha nyeusi zilizotiwa weupe. Huruka polepole kama asiyeogopa mtu, na kweli hana haja ya kuogopa, kwa kuwa kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini. Jike la *Hypolimnas misippus* humwiga huyu kwa karibu sana, ilhali dume lake ni jeusi lenye mabaka meupe yaliyozungukwa na zambarau inayowaka juani.

Matunda. Tafuta panapowekwa ndizi zilizoiva kupita kiasi. Wageni wengi hupaepuka kwa sababu ya harufu, na hapo ndipo wanapowakosa *Charaxes*. Hawa ni wanene, wenye nguvu, na wengi wao wana mikia miwili kwenye kila bawa la nyuma. Maua hawana habari nayo. Wanapenda matunda yanayooza na utomvu wa miti. Akishazama kwenye ndizi unaweza kumsogelea hadi uone mrija ukichovya.

Upande wa chini wa majani. Chuchumaa utazame juu. Mayai ni madogo kuliko kichwa cha pini. Penye mlimau au mndimu angalia kitu kinachofanana na kinyesi cha ndege. Hicho ni kiwavi mchanga wa *Papilio demodocus*, na sura hiyo ndiyo kinga yake. Akikua hugeuka kijani. Ukimsumbua huchomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa zinazotoa harufu kali. Usimchokoze ili uzione, mwache ale.

Pupa. Sehemu hii ndiyo inayonirudisha kule. Pupa huning'inizwa kwenye safu, nyingine kijani kama jani, nyingine kahawia kama ukuni. Iliyokaribia kupasuka hubadilika rangi, ganda likawa jembamba hata ukaona rangi za mabawa ndani yake. Ukiiona ya namna hiyo, weka kambi.

Ganda hupasuka upande wa kichwa. Miguu hutoka kwanza na kushika, kisha mwili mnono, halafu mabawa yaliyokunjamana kama leso iliyokamuliwa. Kwa dakika kadhaa hutaamini kwamba kile kitaruka. Kipepeo huning'inia kichwa juu, huku akisukuma maji ya mwili wake ndani ya mishipa ya mabawa, nayo hukunjuka taratibu mbele ya macho yako hadi yakawa kamili. Tone jekundu au la kahawia likidondoka usishtuke, si damu, ni taka zilizokusanyika alipokuwa ndani. Baadaye hukaa saa nzima au zaidi mabawa yakikauka.

Onyo kali: usimguse wala usimsaidie katika muda huu. Akianguka kabla mabawa hayajanyooka, yatakauka yakiwa yamepinda, na hataruka maisha yake yote. Hata kipepeo aliyekauka usimshike mabawa. Unga unaobaki vidoleni ni magamba yake, na hayaoti tena.

Ukiwa hapo muulize mwenyeji jinsi pupa zinavyosafirishwa. Pupa ina muda wake, aghalabu siku kumi hadi kumi na nne, na lazima ifike kwa mnunuzi Ulaya au Marekani kabla haijapasuka. Kila siku inayopotea njiani ni pesa ya mkulima inayopotea. Napenda wageni walijue hili. Msitu wa Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba zipatazo 420, na unakatwa na watu wenye shida za kweli. Kwa mkulima wa kiwavi, mti uliosimama unalipa ada ya shule, na hoja hiyo ina nguvu kuliko mabango yote ya kuhifadhi mazingira niliyowahi kuyaona.

## Hatua ya 8: Picha

Sasa toa simu. Zima taa ya kamera. Sogea polepole, ukiwa chini ya usawa wa kipepeo au sawa naye, na kivuli chako kisimwangukie, maana kivuli cha ghafla kwake ni ndege. Simu ikae sambamba na bawa ili lote liwe wazi. Piga nyingi, uchague baadaye. Picha nzuri zaidi hupatikana mapema, wakati bado wanaota jua mabawa wazi.

## Kukiwa na mawingu

Usikate tamaa. Wataruka wachache, ila viwavi, mayai na pupa hawangoji jua, na vipepeo waliotulia ni rahisi kuwatazama kwa karibu. Anzia chini ya majani, umalizie kwenye maua mawingu yakifunguka.

## Hatua ya 9: Kutoka na kurudi

Kabla ya mlango, mwenzio akukague mgongoni, kwenye kofia na mkoba. Vipepeo hupanda lifti. Kama uko peke yako, mwombe mwenyeji.

Ulizia asali na vitambaa vya hariri vya mradi. Pesa hizo hufika vijijini. Ukitaka, pita kwenye magofu ukiwa umeshajipaka dawa ya mbu, na utembee kimya: ndani ya msitu ule anaishi sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu, anayekimbia kabla hujamaliza kusema "tazama".

Ondoka kabla ya saa tano na nusu kama unarudi Mombasa. Siku ya Ijumaa wenye kuswali watoke saa tano kamili, wawahi swala Kilifi bila kukimbizana na barabara.

## Ukiwa na saa mbili tu

Basi Gede iache kwa safari nyingine. Nenda Haller Park, Bamburi, asubuhi ileile ya saa tatu. Zamani yalikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, na upandaji wa miti ulianza mwaka 1971, kwa mivinje hasa, huku jongoo wakiachiwa kazi ya kusaga majani yake makavu yawe udongo. Watu huenda kulisha twiga. Wewe tafuta uwazi wenye maua karibu na maji, usimame dakika kumi kama ilivyoelezwa katika hatua ya sita, na usubiri wa porini wakujie. Sheria za manukato na dawa ya mbu ni zilezile.